Mbeleko ya Viroba

Mbwa ndiye aliyeshuka kwanza. Alitanguliza miguu ya mbele, akaivuta ya nyuma polepole kama mtu anayetoka kitandani baada ya homa, akanusa kizingiti, akanusa ndoo ya maji, akanusa viatu vya mwenye nyumba, kisha akajilaza mlangoni kama aliyeambiwa kuwa hapo ndipo kwao. Nyuma yake gari dogo la mizigo lilikuwa bado linanguruma, na wanaume wawili wenye sare za ulinzi walikuwa wakihangaika kumshusha kaka mtu.

Kaka mtu alikuwa amefumba macho. Hakuwa amelala. Dada yake alimjua vizuri: tangu utoto, jambo likimtia aibu hufumba macho, kana kwamba asipoona naye haonekani.

Dada huyo mtaa mzima ulimwita Sindano. Si jina alilozaliwa nalo. Kaka yake ndiye aliyembandika walipokuwa wadogo, kwa wembamba wake, na alipokua akawa fundi cherehani jina likamkaa moja kwa moja. Kaka naye, kule kazini, aliitwa Mzee Geti, maana ujana wake na utu uzima wake wote aliumalizia kwenye lango la bohari moja, yeye na mbwa, mbwa na yeye. Wa mwisho kati ya mbwa hao ndiye huyu, Kamishna. Siku kiharusi kilipompiga mzee upande wa kushoto akiwa zamuni, Kamishna alibweka mpaka watu wakaja. Kampuni ikawastaafisha wote wawili kwa mpigo mmoja.

"Dada," alisema dereva huku akijifuta jasho, "mzee hana mke, hana mtoto. Tulipomuuliza tumpeleke wapi, alitaja jina lako tu."

"Angetaja la nani?" alijibu Sindano. "Mleteni ndani. Angalieni hiyo ngazi, imevunjika."

Hakuhitaji kufikiri. Mama yao alipougua, wakiwa watoto, kaka ndiye aliyempikia Sindano, aliyemfulia, na aliyemsuka nywele. Alimsuka vibaya, mistari ikienda kombo kama njia ya mlevi, lakini hakuna siku aliyomwacha aende shule na kichwa timtim. Sasa Sindano alikuwa mjane, binti yake wa pekee ameolewa mbali, na chumba cha uani kilikuwa kitupu. Basi mzee akalazwa humo, kitanda kikasogezwa dirishani ili aone ua.

Dereva akarudi garini akatoa mfuko mkubwa wa chakula cha mbwa, akautua mlangoni, puu!

"Kamishna ana pensheni," alisema akicheka. "Bosi amekubali. Kila mwisho wa mwezi nitamletea kiroba chake mpaka Mungu amchukue."

"Na huo mzigo mwingine?"

"Viroba vitupu. Mzee hatupi kitu. Kule kibandani kwake langoni alitandika chini, akaziba dirisha, akafungia nguo zake. Tukaona tukivitupa atatulaani."

Sindano alivifungua gari lilipoondoka. Vilikuwa viroba vya plastiki iliyosukwa, vigumu, vyeupe kwa ndani, na kwa nje vina rangi ya kung'aa na picha ya mbwa mmoja mwenye manyoya marefu, ametoa ulimi, msafi kuliko watu wengi wa mtaa ule. Alikishika kimoja kwa mikono miwili akakivuta kwa nguvu. Hakikulegea hata kidogo. Fundi ni fundi. Mkono wake ulikwisha anza kupima kabla akili haijauliza kinapimwa cha nini.

*

Kazi ya kwanza ilikuwa ya lazima. Bati la chumba cha mbele lilikuwa linavuja juu ya cherehani, na turubai la zamani limechakaa. Akavifua viroba viwili kwa sabuni na ndimu hata harufu ikapungua, akavikata, akavishona. Hapo akajifunza tabia yao: ukivikata kwa mkasi tu, nyuzi zinafumuka kama nywele za mwehu, ukiupitisha ukingo karibu na mwali wa mshumaa, unajifunga wenyewe. Na sindano ya kawaida haifui dafu, yataka ile nene ya kushonea maturubai. Cherehani ikapata koti. Mvua ikanyesha, koti likamwaga maji pembeni, cherehani kavu.

Akashona kikapu cha sokoni. Jirani yake, mama mmoja muuza mkaa, mwenye mabega ya mpagazi na mdomo usio na breki, alikiona akapiga makofi.

"Sindano, ndugu yangu! Sasa ukienda sokoni watu watajua unanunua nyama ya nani?"

"Nanunua nyanya."

"Nyanya za mbwa!"

Lakini kesho yake muuza mkaa alikuja na sauti ya chini kuulizia kama kuna kingine, kwa kuwa mifuko yake huchanika kila siku, na mkaa, kama alivyosema, haujali picha. Baada ya kikapu, Sindano alikunja midomo ya viroba vingine, akavijaza udongo, akavipanga ukutani akapanda mchicha na nyanya. Kimoja akakijaza vipande vya nguo, kikawa mto wa kukalia. Kingine akakitandika mlangoni ili Kamishna asilale kwenye saruji baridi. Kamishna akazunguka mara kadhaa, akalala juu ya picha ya mwenzake, akashusha pumzi ndefu.

Mzee Geti aliyaona yote hayo kupitia dirishani. Ulimi wake haukuwa umepooza, ulikuwa mzito kidogo tu. Ila maneno aliyaweka akiba, na hakuna aliyejua anaiwekea siku gani.

*

Shida ilikuwa choo. Choo kilikuwa upande wa pili wa ua, si mbali kwa mtu mwenye miguu miwili, lakini kwa mtu mwenye mguu mmoja na nusu ni safari. Akishasimama, mzee aliweza kukokota hatua kwa fimbo. Kazi ilikuwa kumsimamisha, na kumzuia asipepesuke. Kaka alikuwa jitu la mtu. Dada alikuwa sindano kweli. Alimshika shati, shati likachanika. Alimshika mkanda, mkanda ukakatika. Akamshika chini ya kwapa, mzee akaguna kwa maumivu ya bega lile bovu.

Siku moja waliteleza kando ya bomba. Walianguka wote wawili, mzee juu, dada chini, matopeni, na muuza mkaa akaja mbio kuwainua. Sindano alicheka, kwa kuwa hakuumia, na kwa kuwa alidhani kaka naye atacheka. Kaka alikuwa amefumba macho.

Tangu siku ile mzee akawa haombi kwenda chooni. Asubuhi mara moja, na jioni mara moja, basi. Mwanzoni Sindano alishukuru, mgongo wake ulikuwa unamwuma. Lakini akaanza kuona mambo. Midomo ya kaka ilikauka ikapasuka. Ngozi ya mikono ukiibana inabaki imesimama. Kikombe cha chai kilirudi kitupu kila mara, ilhali mzee alikuwa anazidi kunyauka.

Mchana mmoja aliingia uani bila viatu kuanika nguo, akamwona. Mkono wa kulia wa mzee, ule mzima, ulikuwa nje ya dirisha, umeshika kikombe, unakimimina taratibu kwenye bakuli la Kamishna. Chai yote. Kamishna alikuwa anailamba kwa heshima, kama mtu aliyekula njama na mwenzake.

Sindano alisimama na shuka lililolowa kifuani.

"Kaka."

Mkono ukarudi ndani.

"Kaka, tangu lini?"

Sindano akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Mzee aliutazama ukuta.

"Ukinywa," alisema hatimaye, neno baada ya neno, "lazima utoke. Nikitoka, nakuangusha."

"Kwa hiyo unakufa kwa kiu ndani ya nyumba yangu? Mimi nimekuwa nani, jangwa?"

"Sijasema hivyo."

"Mimi ndiye niliyenyonyoka nywele ukinisuka, nikavumilia. Wewe huwezi kuvumilia kuanguka mara moja?"

Pembe ya mdomo wa mzee ilitikisika kidogo. Kisha akafumba macho. "Niache, mdogo wangu. Nimelinda watu maisha yangu yote. Sikuzoea kushikwa."

Sindano alimnywesha maji siku ile kwa kijiko na kwa ubishi, na siku iliyofuata pia. Lakini mtu mzima halishwi kwa ubishi kila siku. Kila kikombe kilikuwa vita, na kila vita mzee alishinda kwa kukaa kimya.

*

Kisha Kamishna akashindwa kuinuka.

Ilikuwa asubuhi, Sindano yuko kwenye cherehani, alipoisikia sauti ya kaka yake ambayo hakuwa ameisikia tangu aletwe, sauti ile ya lango, ya kusimamisha malori: "Sindanoo!" Akatupa kazi akakimbia. Alidhani mzee ameanguka. Mzee alikuwa amejiinua kwa kiwiko, anaelekeza kidole uani.

Mbwa alikuwa anajaribu. Miguu ya mbele ilisimama imara, ya nyuma ikabaki chini imelegea, na kila alipojivuta makalio yalikwaruza saruji. Hakulia. Aliwatazama tu, mmoja mmoja, kama anayesubiri waamue jambo.

"Nyonga," alisema mzee. "Nilijua zitachoka. Amezeeka." Sauti yake ikavunjika. "Asikokotwe, tafadhali. Asikokotwe."

Sindano alichukua kanga, akaipitisha chini ya tumbo la mbwa, akamwinua. Kamishna akatembea! Alitembea kwa miguu ya mbele, ya nyuma ikigusa gusa chini, mpaka kwenye kona yake, akamaliza haja, akarudi. Lakini kanga ilijikunja ikawa kamba, ikamkata tumbo, na mgongo wa Sindano ukaomba msamaha.

Akavitazama viroba.

Alifanya kazi hiyo hadi chakula cha mchana kikapoa. Alikata kipande kipana, akakikunja mara mbili, akaunguza kingo, akatia ndani kipande cha blanketi kuukuu ili pasimchubue. Akatoboa nafasi ya mkia. Pembeni akashona mishikio mirefu kwa uzi wa fundi viatu, ili aweze kumnyanyua mbwa yeye mwenyewe akiwa amesimama wima. Akaupima mshono kwa kuukanyaga kwa mguu na kuuvuta kwa mikono. Haukusema kitu.

"Nini hiyo?" aliuliza muuza mkaa juu ya ukuta.

"Mbeleko."

"Ya mbwa?"

"Ya mzee wa watu. Njoo umshike kichwa."

Mbeleko ilimkaa Kamishna utadhani alizaliwa nayo. Sindano akashika mishikio, akainua, na mbwa akatoka mbio, kwa mbio za kizee, akimvuta fundi nyuma yake. Hakwenda kwenye kona yake tu. Alizunguka ua mzima. Alikagua mchicha, akakagua bomba, akapitia chini ya dirisha la bwana wake akatikisa mkia uliokuwa umetokeza kwenye tundu lake, akaenda mpaka kwenye geti dogo la mbele akambwekea mpita njia ambaye hakumkosea chochote.

"Hana haya huyu," alisema mzee dirishani.

"Haya ya nini? Anakwenda kukojoa." Sindano alikuwa anahema. "Tena anasalimia watu njiani."

Mzee aliwatazama hadi walipomaliza mzunguko, na walipofika kwenye kivuli cha ukuta macho yake bado yalikuwa wazi.

Kuanzia hapo ikawa desturi. Asubuhi, mchana, jioni, Kamishna na mbeleko yake. Na mzee, ambaye maneno yake yalikuwa yamefungiwa akiba, akaanza kuyatoa. "Mshike juu kidogo, unamvuta kiuno." "Usimharakishe kwenye kona." "Mwache anuse, hiyo ndiyo kazi yake." Sindano alitii. Hakuna aliyemjua Kamishna kama mzee.

Mchana mmoja alikuwa amehamishia cherehani uani kwa sababu ya joto, anashona mapazia ya mteja. Mbwa alilala. Mzee akakohoa.

"Hicho cha Kamishna," alisema. "Kinahimili uzito gani?"

Sindano alikuwa karibu kuinua kichwa. Akajizuia. Akaendelea kusukuma kitambaa chini ya sindano, mguu wake ukaendelea kukanyaga, maana alijua akisimamisha mashine tu, na maneno nayo yatasimama.

"Kiroba chenyewe ni kigumu," alisema. "Kazi iko kwenye mshono."

"Mshono wako si mbaya."

"Ahsante."

Cherehani ikalia kitambo.

"Mtu, kwa mfano," alisema mzee. "Mtu mzito."

"Hata mtu. Ukikunja mara nne, ukashona msalaba pale kwenye mishikio."

"Mm."

Pazia likafika mwisho, Sindano akakata uzi kwa meno. Akaanza kulikunja pazia polepole, pindo juu ya pindo.

"Picha ya mbwa," alisema mzee, "ikae kwa ndani."

"Itakaa kwa ndani, kaka."

Akachukua kipimo chake, akaingia chumbani akampima kiuno. Mzee aliinua mkono wake mzima kumpisha, na Sindano aliinama sana, chini kuliko ilivyohitajika kwa kusoma namba, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamejaa na hakutaka yaonekane.

*

Ya kwanza ilikosewa. Alimshonea kama mbwa, ya kupita tumboni, na walipojaribu kwa muuza mkaa, ambaye alijitolea kuwa mgonjwa na akaigiza mpaka akapitiliza, ilimpanda makwapani akapiga kelele.

"Mnanichinja! Shusheni!"

Basi Sindano akaibeba mpaka zahanati, kwa binti mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyempima mzee wiki aliyoletwa. Alitarajia kuchekwa. Binti aliigeuza geuza mbeleko, akaivuta mishikio, akajifunga mwenyewe kiunoni, akaomba mwenzake amwinue.

"Mama, hii ni kazi nzuri," alisema. "Ila isipande juu. Funga hapa, nyongani. Begani hapana, lile bega bovu usiliguse kabisa. Upana uongeze ili isimkate. Na mishikio ongeza: miwili pembeni, mmoja nyuma." Kisha akamfundisha namna ya kuinua. Asikunje mgongo, akunje magoti. Wahesabu pamoja, mzee aegemee mbele kwanza, pua yake ivuke vidole vya miguu, ndipo ainuke. "Usimbebe. Unamsaidia tu asiogope. Miguu yake itafanya kazi kuliko unavyodhani."

Sindano alirudi akafumua, akashona upya. Mbele akatia vifungo vya plastiki vya begi kuukuu la shule, vya kubana kwa kubofya, na blanketi kwa ndani, juu ya uso wa yule mbwa msafi.

"Basi sasa mbwa atakukumbatia," alisema muuza mkaa alipokuja kushuhudia, "na hamna atakayejua."

"Wewe unajua," alisema Mzee Geti. "Na ukijua wewe, mtaa mzima umejua." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizomwambia. Muuza mkaa alifurahi kama aliyepewa zawadi.

Walimfunga. Sindano akashika mishikio, akakunja magoti.

"Tayari?"

"Subiri." Mzee alikuwa amefumba macho. Sindano akasubiri. Kamishna, mlangoni, aliinua kichwa akapiga sakafu kwa mkia, puk, puk. Mzee akafumbua macho. "Haya."

Aliegemea mbele. Dada akainua. Kwa kitambo kidogo walibaki katikati, si wa kukaa si wa kusimama, kaka akitetemeka paja, dada amebana meno. Mshono ukalia kidogo lakini haukuachia. Halafu uzito ukaondoka mikononi mwa Sindano. Hakuelewa mara moja. Alidhani kitu kimekatika. Kumbe mzee alikuwa amesimama.

Walitoka. Mlango, kizingiti, ua. Hatua ya mguu mzima, hatua ya fimbo, hatua ya mguu uliokokotwa. Mara moja alipepesuka kushoto, Sindano akavuta mshikio wa pembeni, akarudi katikati kama mlango uliofungwa vizuri. Muuza mkaa alitembea kando yao na mikono imetandazwa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakusema kitu. Wakafika chooni. Wakarudi. Lakini mzee hakutaka kuingia ndani. Alisimama katikati ya ua, jua linampiga usoni, akaitazama mistari ya nguo, mchicha, ukuta wa jirani, vitu alivyokuwa akiviona vipande vipande kwa dirishani.

"Mdogo wangu," alisema.

"Naam, kaka."

"Nina kiu."

Muuza mkaa ndiye aliyekimbilia maji, kwa sababu Sindano asingeweza kuachia. Alileta kikombe. Mzee akakinywa akiwa amesimama, maji mengine yakimtiririka shingoni, akarudisha kikombe.

"Kingine," alisema. "Na usinipimie kama mbwa."

*

Kamishna aliishi hadi mvua zilipokatika. Alikata roho mchana, usingizini, juu ya kiroba chake, bila kumsumbua mtu. Walimzika nyuma ya nyumba. Muuza mkaa alichimba, na Mzee Geti aliomba apelekwe. Alisimama ukingoni mwa shimo, Sindano akiwa nyuma yake ameshika mishikio, akatupa udongo kwa mkono wake mzima. Alilia waziwazi, na macho hakuyafumba. Dada alikuwa akizisikia kwikwi zake kupitia kwenye mishikio, zikimpanda viganjani, akasimama hivyo hivyo mpaka zikatulia zenyewe.

Dereva alipokuja mwisho wa mwezi na kiroba kipya, alimkuta mzee getini kwa miguu yake, dada nyuma. Alipoambiwa habari ya mbwa alivua kofia. Akataka kurudisha chakula garini.

"Kakigawe huko kituoni, mbwa wengine nao wale," alisema mzee. "Lakini viroba vitupu tuletee vyote. Dada yangu ana kazi navyo."

Kazi ilikuwepo kweli. Yule binti wa zahanati alikuwa amemtuma mtu mmoja, kisha mwingine: mke wa fundi uashi, ambaye mumewe alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu. Sindano alishona baada ya kazi zake za kawaida, na mzee alikaa kando yake uani kwenye mto wa viroba, mshumaa mbele yake, akiunguza kingo kwa mkono mmoja. Ilimchukua muda kujua kasi yake. Ukichelewa unawaka, ukiharakisha unafumuka. Aliunguza ukingo, aliunguza na kidole, akaendelea.

Alasiri moja alikuja mwanamke kijana na mama yake mzazi, bibi mwenye umbo dogo, mweusi, mkali, amekaa kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima kama aliyekalishwa kwa hukumu. Binti alieleza. Bibi aliitazama mbeleko, akatazama kando.

"Mimi si furushi," alisema.

"Mama, jaribu tu."

"Nimesema mimi si furushi. Nirudishe nyumbani."

Binti akamtazama Sindano, machozi yakimlengalenga. Ni Mzee Geti aliyeweka mshumaa chini.

"Nifunge," alimwambia dada yake.

"Kaka, umeshachoka leo."

"Nifunge, nimesema."

Akamfunga. Mzee akaegemea mbele, pua ikavuka vidole, akainuka mbele ya wale wageni, jitu zima, mkono mmoja unaning'inia, kiuno kimefungwa mfuko wa chakula cha mbwa, na mwanamke mwembamba nyuma yake kama mtu aliyeshika usukani. Akauzunguka ua. Hakuharakisha. Alipita mbele ya bibi karibu kabisa, ili amwone vizuri, akaenda mpaka bomba, akageuka, akarudi, akasimama.

"Mimi nilikuwa mlinzi," alimwambia. "Hakuna aliyekuwa ananigusa. Nilikataa hii kama wewe. Nikakaa na kiu."

Bibi alimtazama juu mpaka chini. Akanyoosha mkono, akaufunua ukingo wa mbeleko pale kiunoni kwa mzee, blanketi lilipoachia kidogo, akauona uso wa yule mbwa kwa ndani, ulimi nje.

"Hii ni nini?"

"Mbwa," alisema mzee.

"Mimi mbwa siwapendi." Akafikiri kidogo, akaachia ukingo. "Cha paka hakuna?"

Mzee Geti aliangua kicheko. Kilianzia tumboni, kikamtikisa mwili mzima, akayumba, na Sindano ilibidi aikaze mishikio yote kwa pamoja asimwachie, naye anacheka, na binti wa watu anacheka na kulia, na bibi amekaa katikati yao amekunja uso, anasubiri ajibiwe.

"Kipo, mama," alisema Sindano alipopata pumzi. "Kama hakipo, tutakitafuta."